52 − 17 = 45: kutafuta kosa la hesabu linakotoka

Chukua daftari la mtoto wa Darasa la III aliyeandika 52 − 17 = 45. Wengi wetu tunapiga alama ya kosa, tunaandika "masahihisho" pembeni, tunahamia daftari linalofuata. Mtoto anafuta 45, anachungulia kwa jirani, anaandika 35, anapigwa vema. Wiki ijayo kosa ni lile lile.

Nilichelewa sana kulijua hili, kwa hiyo nalisema mapema: mtoto anayekosa hivyo hajabahatisha. Ana kanuni yake kichwani, na anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyoufuata muhtasari wa somo. Ukimpa kanuni yako bila kuiona yake, atazibeba zote mbili, na siku ya mtihani itakayotangulia ni ile ya zamani. Kwa hiyo hapa sikupanga kwa mada. Nimepanga kwa majibu yenyewe, yale yanayojirudia kuanzia Darasa la II hadi la V, na kila jibu nimelifuata hadi linakotoka.

52 − 17 = 45

Jibu hili moja linaficha magonjwa mawili.

La kwanza: mtoto hatazami namba ya juu na ya chini, anatazama kubwa na ndogo. Kwenye mamoja anaona 2 na 7, anatoa 2 kwenye 7, anapata 5. Kwenye makumi 5 toa 1 ni 4. Nani kamfundisha? Sisi. Darasa la I tulimwambia "namba kubwa haitoki kwenye ndogo", naye akatii: kama haitoki, basi igeuze.

La pili: mtoto amekopa kumi vizuri kabisa. 12 toa 7 ni 5. Ila amesahau kwamba yale makumi 5 yamebaki 4, akafanya 5 toa 1, akapata 4. Naye ana 45.

Huyu wa pili ukimwita mbele umweleze tena kukopa, unampotezea muda, kukopa anakujua. Wa kwanza ukimwambia "umesahau kupunguza", hatajua unazungumzia nini. Ili kuwatenganisha, badilisha namba moja tu: wape 52 − 19. Mwenye ugonjwa wa kwanza ataandika 47. Wa pili ataandika 43. Anayejua ataandika 33. Sababu ya 17 kuficha ni kwamba 7 na 2 zimepishana kwa 5, na hapo njia zote mbili mbovu zinakutana kwenye tarakimu ile ile. Kwa hiyo ukitunga maswali ya kupima, epuka jozi za mamoja kama 2 na 7, 3 na 8, 1 na 6. Kwa mazoezi ya kawaida hazina shida, kwa kupima zinadanganya.

Tiba ya wa kwanza ni vijiti, na isiwe kalamu kabla ya vijiti. Mpe mafungu matano ya vijiti kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili vya pembeni. Mwambie: "Nipe kumi na tisa." Atatoa fungu moja, atabaki anatafuta tisa. Nyamaza. Wengi wanafungua fungu la pili wenyewe bila kuambiwa, na hapo ndipo unapomwonyesha kwamba alichofanya kwa mikono ndicho kinachoandikwa. Wa pili vijiti havimsaidii sana. Yeye mfundishe akate 5 na kuandika 4 juu yake kabla hajagusa mamoja, kisha ahakiki kwa kujumlisha: 43 na 19 ni 62, mbona swali lilisema 52?

Neno "kukopa" lenyewe silipendi. Mkopo hurudishwa, na hapa hakuna anayerudisha kitu. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kumi tunairudisha lini?" Nilicheka, halafu nikaacha kulitumia. Siku hizi nasema kuvunja. Noti ya 1,000 ukiivunja unapata sarafu kumi za 100, pesa ni ile ile. Hata mtoto wa Darasa la II anajua kwamba buku ikishavunjwa haipo tena.

503 − 268 = 335, au 265

Hapa sifuri ndiyo mkorofi. Anayeandika 335 ameambiwa "sifuri inakuwa tisa", akaigeuza kuwa tisa, lakini mamia 5 ameyaacha yalivyo. Anayeandika 265 ameiruka sifuri, akaenda kuvunja mia moja kwa moja akaipeleka kwenye mamoja kama kumi, kisha akakutana na 0 toa 6 akaandika 6. Jibu ni 235.

Wote wawili wana shida moja: hawaoni kwamba 503 ni makumi 50 na mamoja 3. Wakiliona hilo, swali linalegea lenyewe. Vunja kumi moja kati ya makumi 50, yamebaki 49. Andika 49 juu ya 50 kwa mkupuo mmoja, sio tarakimu moja moja. Tangu nianze hivyo sijarudi kwenye habari ya "kumuomba jirani, jirani hana, anaenda kwa jirani mwingine". Hadithi hiyo inafurahisha darasa, lakini kwenye mtihani inawachanganya.

Njia nyingine wanayo tayari. Mtume mtoto dukani na 503 (najua bei kama hiyo haipo, jifanye ipo), anunue kitu cha 268, umuulize chenji. Hataipanga kwa wima. Atapanda: 2 kufika 270, 30 kufika 300, 203 kufika 503. Jumla 235. Hii ni hesabu halali kabisa, na mtoto anayeuza karanga au maji stendi anaifanya kila siku. Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, walichapisha kazi yao juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Kwenye biashara walipata zaidi ya asilimia 98 ya hesabu. Hesabu zile zile zilipoandikwa karatasini bila wateja wala bidhaa, walipata chini ya asilimia 40. Kwa hiyo mtoto akishindwa ubaoni, muulize kwanza kwa pesa. Akipata, tatizo lako ni maandishi, kutoa anakujua.

Imla: "mia tatu na tano", anaandika 3005

Ameandika alichosikia. Mia tatu ni 300, na tano ni 5. Tengeneza vipande vya boksi: kipande kirefu cha 300, cha katikati cha 40, kifupi cha 5. Kifupi kinalala juu ya sifuri ya mwisho ya kile kirefu. Mtoto anaona kwamba 3005 inatoka pale kipande kinapowekwa pembeni badala ya juu. Siku mbili zinatosha kwa wengi.

Ila kuna kosa la imla ambalo si la mtoto. Sema "elfu ishirini na tano". Umesema 25,000 au 20,005? Kiswahili chetu kinaruhusu zote mbili. Sokoni hakuna anayepotea, kwa sababu gunia la mkaa au simu vina bei zinazojulikana. Kwenye imla hakuna gunia. Mtoto akiandika 20,005 na wewe ulitaka 25,000, usimpige alama ya kosa, msikilize. Mimi kwenye imla husema "ishirini na tano elfu" nikitaka 25,000, na "elfu ishirini, na tano" kwa kutua nikitaka 20,005. Kisha nawaambia wazi kwamba lugha ina mtego hapo, na watoto wanaupenda mtego wakishaujua. Wataanza kukutega wewe.

Jambo jingine la lugha. Kumi na moja hadi kumi na tisa zinajieleza zenyewe, kumi ipo na moja ipo. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa. Lakini ishirini haifanani na mbili, wala arobaini na nne, wala hamsini na tano. Majina haya tumeyapokea kutoka Kiarabu pamoja na sita, saba na tisa, huku mbili, tatu, nne, tano na nane zikibaki za Kibantu. Matokeo yake unakuta mtoto anaimba moja hadi mia bila kukosea, ila ukimuuliza "arobaini ni makumi mangapi?" anakutazama tu. Muulize hivyo kabla hujaanza kujumlisha namba za tarakimu mbili. Akishindwa, kwa wiki mbili kila namba itamkwe mara mbili: "arobaini na tatu, makumi manne na tatu". Inachosha, vumilia.

34 × 6 = 1824

Mzazi akiliona jibu hili anasema mtoto hajui tebo. Anaijua! 6 mara 4 ni 24, kaandika 24. 6 mara 3 ni 18, kaandika 18. Kumrudisha kukariri ni kumwadhibu kwa kitu alichopata. Asichojua ni kwamba ile 3 ni 30. Muulize kabla hajaanza: 30 mara 6 ni ngapi? 180. Basi 34 mara 6 itakuwa kwenye elfu kweli? Mwache alitazame jibu lake. Kisha aandike 180 na 24 chini kwa chini, ajumlishe, apate 204. Njia fupi itakuja baadaye.

Yule asiyejua tebo utamtambua kwa midomo: ukimuuliza 7 mara 8 anaanza kuimba kuanzia 7 mara 1. Anayo kama wimbo, na wimbo hauanzii katikati. Mpe vituo vya kushukia. 7 mara 2 ni 14, mara 4 ni 28, mara 8 ni 56. Kila hatua ni kuongeza maradufu tu.

Mshale mfupi uko kwenye 7, anasema "saa saba asubuhi"

Anasoma sawasawa kilichoandikwa. Uso wa saa ulitengenezwa kwa watu wanaohesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, tofauti ya saa sita. Na kwa kuwa sita ni nusu ya mduara, saa ya Kiswahili iko mkabala na mshale mfupi: mshale kwenye 7, mkabala ni 1, saa moja. Chora saa ubaoni, waongeze mkia wa chaki nyuma ya mshale mfupi, wasome mkia.

Halafu jiandae na kosa jipya ambalo umelizalisha mwenyewe. Mshale mrefu ukiwa kwenye 9, mtoto naye ataugeuza, asome 3, aseme "na robo" badala ya "kasoro robo". Dakika hazigeuzwi. Ndiyo maana mkia uwe kwenye mshale mfupi peke yake. Anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza ana saa mbili kichwani, ya darasani na ya nyumbani, kwa hiyo akikosea muulize kwanza ametumia ipi.

Kosa la saa linaloendelea hadi Darasa la V ni la kutoa. Basi limeondoka saa 1:45, limefika saa 3:20, limetumia muda gani? Jibu: "saa 1 na dakika 75". Ametoa 145 kwenye 320. Amevunja saa moja akapata dakika 100 badala ya 60. Mwambie apande kama wa chenji: dakika 15 kufika saa 2:00, saa 1 kufika 3:00, dakika 20. Saa 1 na dakika 35.

½ + ⅓ = ⅖

Kiasi na kiasi, asili na asili. Huyu anaona namba nne mahali penye namba mbili, na sisi tunamsaidia kupotea tunaposema "moja juu ya mbili". Kiswahili kina majina mazuri kabisa: nusu, theluthi, robo, thumuni. Yatumie kwa wiki nzima kabla ya kuandika mstari wa katikati. Hakuna mtoto anayeamini kwamba nusu chapati ukiiongezea theluthi ya chapati inapungua. Lakini ⅖ ni pungufu ya nusu. Mkatie karatasi mbili zenye urefu sawa, moja ikunjwe katikati ipate nusu, nyingine ikatwe vipande vitano sawa, alinganishe nusu na vipande viwili. Usimsahihishe. Mwache akwame kidogo.

Ndugu wa kosa hili ni anayesema thumuni ni kubwa kuliko robo kwa sababu 8 inazidi 4. Kwa huyo uliza tu: muwa mmoja, mnagawana wanne au wanane, ungependa kundi lipi?

Mafumbo: anajumlisha kila kitu

"Asha ana machungwa 12. Ana machungwa 5 zaidi ya Juma. Juma ana mangapi?" Nusu ya darasa: 17. Chanzo ni ile orodha tuliyowabandikia ukutani: "jumla, zaidi, pamoja" ni kujumlisha, "baki, punguza, tofauti" ni kutoa. Orodha inafanya kazi kwenye maswali tuliyoyatunga ili ifanye kazi. Iondoe ukutani.

Kujua kama darasa lako linasoma au linawinda namba, kuna kipimo maarufu kutoka Grenoble, Ufaransa. Watoto waliambiwa: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kutumia namba zile. Nimejaribu la kwangu lenye kuku na mjumbe wa nyumba kumi. Sitasema matokeo, jaribu lako.

Dawa ninayoiamini ni fumbo lisilo na namba. "Asha ana machungwa mengi kuliko Juma. Nani ana machache?" Wachore, wabishane, ndipo uongeze 12 na 5. Na kama nyumbani mtoto anaongea Kisukuma au Kimasai, mwombe alisimulie fumbo kwa lugha yake kwa mwenzake kwanza. Mara nyingine Hisabati ilikuwepo muda wote, Kiswahili ndicho kilichomkwamisha.

8 + 4 = ☐ + 5, anaandika 12

Kwake alama ya = ni amri: leta jibu. Kila swali alilowahi kuona lina jibu upande wa kulia, ataona vipi vingine? Changanya kuanzia Darasa la I: 7 = 3 + 4. Isomwe "ni sawa na", isisomwe "jibu".

Nina watoto 80, nitamuuliza nani "umepataje"?

Huwezi kuwauliza wote, wala huhitaji. Toa maswali matatu tu: 52 − 19, 70 − 46, 503 − 268. Kusanya karatasi, na usizipange kwa alama. Zipange kwa jibu. Kwenye 70 − 46 utaona 36, 34, 30 (hawa wanaamini 0 toa kitu chochote ni 0), na 24. Mafungu hayazidi manne au matano, kwa sababu magonjwa ni machache kuliko watoto. Kesho yake waketishe kwa mafungu, na ule muda uliokuwa wa kusahihisha daftari 80 utumie kukaa na fungu kubwa zaidi. Watakaobaki na majibu ya ajabu yasiyofanana na ya mtu yeyote ndio wa kuwauliza mmoja mmoja, na ni wachache.

Swali la "umepataje?" liulize pia kwa waliopata. Ukiliuliza kwa waliokosa peke yao, baada ya wiki mbili mtoto akilisikia tu anafuta, hata kama alikuwa na 33. Na kama kuna fimbo mezani, sahau kusikia kanuni yake, utasikia kile anachodhani unataka.

Anakosa leo, anapata kesho, hakuna mpangilio

Kabla ya kumwita mzembe, linganisha alichoandika na kilichokuwa ubaoni. Ukiona 63 mahali pa 68, 1 mahali pa 7, hesabu yake inaweza kuwa sahihi kwa namba alizoziona. Mhamishe mbele siku tatu. Makosa yakipungua, zungumza na mzazi juu ya macho. Angalia pia saa yanapotokea: yakijaa vipindi vya mwisho kwa mtoto asiyekula mapumziko, sababu haipo kwenye daftari. Na yule aliyepona kutoa, mpime tena baada ya wiki tatu, na tena baada ya likizo, kwa 52 − 19 ile ile. Akirudi na 47, mtolee vijiti.